Saratani ya pua na sainasi: mgonjwa ataishi muda gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara) yakishatoka, wagonjwa na ndugu zao huwa na maswali mengi, na karibu yote yanazunguka lile moja gumu: atapona au hatapona? Nimeanza na hilo kwa takwimu, halafu nikaeleza kwa nini takwimu ya jumla haiwezi kumsemea mgonjwa wako mpaka ujue mambo matatu: uvimbe ulianzia wapi, ni wa aina gani, na umefika wapi.

Kwa jumla, ni wagonjwa wangapi wanaoishi?

Takwimu zinazotajwa zaidi ni za Marekani, ambako wagonjwa husajiliwa na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Ukiwachukua wagonjwa wote wa saratani ya pua na sainasi, bila kujali aina wala hatua, karibu 6 kati ya 10 wanakuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa, ukishaondoa vifo ambavyo vingetokea kwa watu wa umri wao hata bila ugonjwa huu. Uvimbe ukikutwa bado uko palepale ulipoanzia, kiwango hupanda na kuvuka asilimia 80. Ukishaingia kwenye viungo vya jirani au tezi za shingo, hushuka hadi nusu hivi. Ukiwa umesambaa mbali, kwenye mapafu au mifupa, ni asilimia 40 na kidogo.

Hiyo miaka mitano huwatisha watu, kwa sababu wengi hudhani ndio muda aliobakiza mgonjwa. Sivyo. Ni alama tu waliyoiweka watafiti ili waweze kulinganisha wagonjwa wa nchi na nyakati tofauti. Aliyefika miaka mitano anaweza kuishi thelathini mingine, na wengi waliofika wamepona kabisa.

Hizo ni takwimu za Wamarekani. Sisi zinatuhusu?

Zinatuhusu kwa upande mmoja: zinaonyesha kinachowezekana mgonjwa akifika mapema na kupata upasuaji na mionzi bila kukatizwa. Uvimbe wa Mwanza hauna tabia tofauti na uvimbe wa Chicago. Kinachotofautiana ni siku ambazo mgonjwa amepoteza kabla ya kukutana na daktari anayeweza kuingiza kamera puani, na siku nyingine anazopoteza akisubiri kipimo cha CT (picha za ndani ya kichwa), majibu ya maabara, nauli na zamu ya mashine. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki akisoma asilimia hizi asichukulie kwamba ndizo zake moja kwa moja. Azitumie kama sababu ya kudai haraka.

Kwa nini daktari anasisitiza kujua ilipoanzia?

Sainasi ni mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso. Yako nyuma ya mashavu, katikati ya macho, kwenye paji la uso, na moja liko nyuma kabisa chini ya ubongo. Saratani nyingi za eneo hili huanzia ndani ya pua yenyewe au kwenye sainasi ya shavu. Zinazofuata ni zile za katikati ya macho. Za kwenye paji na za nyuma kabisa ni nadra sana.

Ya ndani ya pua ina nafasi nzuri zaidi, na sababu iko wazi: pua ni nyembamba, hivyo hata uvimbe mdogo huziba hewa au kutoa damu, na mtu hupata habari mapema. Sainasi ya shavu ni pango kubwa. Uvimbe unaweza kukua humo kwa miezi bila maumivu, na siku unapojitokeza tayari umevunja ukuta wa mfupa.

Mwaka 1933 daktari wa Sweden aitwaye Öhngren alichora mstari wa kufikirika kutoka kona ya ndani ya jicho hadi pembe ya taya la chini. Uvimbe wa sainasi ya shavu ulio chini na mbele ya mstari huo, upande wa meno na kaakaa, hutibika vizuri zaidi. Ulio juu na nyuma yake huwa karibu na jicho, mishipa ya fahamu na sakafu ya fuvu, na matokeo yake ni mabaya zaidi. Mstari huo bado unafundishwa hadi leo.

Tumeambiwa jina refu la aina ya saratani. Lina maana yoyote kwa maisha ya mgonjwa?

Lina maana kubwa, pengine kuliko jambo lingine lolote mtakalosoma kwenye karatasi ya maabara. Ndani ya pua na sainasi mna magonjwa mengi tofauti yanayoitwa kwa jina moja la "saratani ya pua", na yanapishana sana.

Inayoonekana zaidi ni kasinoma ya seli bapa, inayochukua takriban nusu ya wagonjwa. Kwa hii, karibu nusu ya wagonjwa wanafika miaka mitano. Wa hatua za mwanzo wanazidi hapo sana, wa hatua ya nne wako chini. Baadhi ya uvimbe wa kundi hili una virusi vya HPV, vile vile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na wenye virusi hivyo kwa kawaida huitikia tiba vizuri zaidi. Wengine walianza na uvimbe usio saratani unaoitwa papiloma, ambao baada ya muda sehemu yake huharibika. Ndiyo maana papiloma hutolewa yote na mgonjwa huendelea kufuatiliwa.

Adenokasinoma huanzia kwenye tezi za ute, mara nyingi katikati ya macho, na ndiyo inayohusishwa na vumbi la mbao. Zile zenye seli tulivu hutibika vizuri sana. Zenye seli kali zina matokeo ya chini.

Kasinoma ya adenoidi sistiki inahitaji maelezo yake. Miaka mitano ya kwanza huonekana nzuri, wengi wako hai na wanafanya kazi zao. Lakini ugonjwa huu hutambaa polepole kando ya mishipa ya fahamu, na unaweza kurudi baada ya miaka kumi au kumi na tano, mara nyingi kwenye mapafu. Mtu mwenye aina hii asiambiwe "umepona, usirudi tena" baada ya mwaka wa tano. Kwa upande wa pili, hata ukirudi mapafuni, wapo wanaoishi nao miaka kadhaa kwa sababu ya mwendo wake wa taratibu.

Estesionyuroblastoma huanzia kwenye mishipa ya kunusa, juu kabisa ya pua. Jina linatisha, ila matokeo ni miongoni mwa yaliyo bora: saba hadi nane kati ya kumi hufika miaka mitano. Nayo huweza kurudi ikiwa imechelewa sana, hata kwenye tezi za shingo, kwa hiyo ufuatiliaji ni wa maisha yote.

Melanoma ya ndani ya pua ndiyo ngumu zaidi kuizungumzia na familia. Hata ikitolewa yote, huelekea kurudi na kusambaa, na takriban robo hadi theluthi moja tu ya wagonjwa wanafika miaka mitano. Ukali wake ni mkubwa kiasi kwamba mfumo wa kupima ukubwa wa uvimbe hauna T1 wala T2, yaani ngazi za uvimbe mdogo, kwa aina hii. Unaanza moja kwa moja na T3. Dawa za kuamsha kinga ya mwili zimewasaidia baadhi ya wagonjwa, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko melanoma ya ngozi.

Kuna pia kasinoma isiyotambulika asili, inayojulikana kwa ufupisho SNUC. Hii inakua kwa kasi ya kutisha na zamani ilihesabiwa karibu sawa na hukumu. Utafiti wa kituo cha MD Anderson kule Houston, uliochapishwa 2019, uliangalia wagonjwa 95 walioanza na kemo (dawa za kuua saratani) kabla ya kitu kingine chochote. Wale ambao uvimbe wao uliitikia kemo na kisha wakapewa mionzi pamoja na kemo, asilimia 81 hawakuwa wamekufa kwa ugonjwa huo baada ya miaka mitano. Walioitikia kemo lakini wakapelekwa kwenye upasuaji walikuwa asilimia 54. Kwa hiyo jina sahihi la ugonjwa linaweza kubadilisha hata mpangilio wa tiba. Maabara ikiandika tu "saratani, aina haijulikani", ombeni vipande vipelekwe kwa mtaalamu mwingine wa patholojia kabla ya kuanza tiba. Hilo si kumkosea daktari heshima.

Ni kweli kwamba kuchukua kinyama, au kupigwa kisu, kunaamsha saratani isambae?

Hapana. Imani hii imewafanya watu wengi sana wakae nyumbani. Inatokana na jambo wanaloliona kwa macho: mtu alikwenda hospitali, akakatwa kinyama, miezi michache baadaye akafariki. Wanachosahau ni kwamba alikwenda akiwa tayari katika hatua ya mwisho. Bila kinyama hakuna anayejua aina, na umeshaona hapo juu aina inavyobadilisha kila kitu.

Tahadhari moja ni ya kweli. Baadhi ya uvimbe wa pua una mishipa mingi ya damu, hasa ule usio saratani unaowapata wavulana wa umri wa kubalehe. Ndiyo maana daktari mwangalifu hutaka picha ya CT au MRI kwanza, kisha ndipo achukue kinyama.

Kwa nini wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa?

Kwa sababu dalili za mwanzo ni za mafua. Pua imeziba, makamasi hayakauki, kichwa kinauma. Mtu anapewa antibayotiki, kisha nyingine, kisha dawa ya mzio, anajifukiza kwa mwarobaini, na miezi inakatika. Mwingine jino la juu linalegea, anakwenda kung'olewa, na shimo halifungi. Mwingine jicho linatoa machozi bila sababu na anaandikiwa dawa ya macho. Huyu fundi wa meno, yule wa macho, yule wa duka la dawa, kila mmoja ameona kipande chake.

Alama ya kuikumbuka ni upande mmoja. Mafua na mzio huziba pande zote mbili au huhamahama. Pua inayoziba upande mmoja tu, isiyoachia kwa wiki tatu au zaidi, inayotoa damu au maji yenye damu upande huohuo, lazima iangaliwe kwa kamera na daktari wa masikio, pua na koo. Vivyo hivyo ganzi kwenye shavu, jicho linalosukumwa nje, kuona vitu viwiliviwili, kupoteza harufu upande mmoja, au uvimbe kwenye kaakaa unaofanya meno ya bandia yasikae tena. Na mtu mzima akitolewa "nyama za pua" za upande mmoja, zipelekwe maabara. Zisitupwe.

Ugonjwa huu ni nadra, takriban mtu mmoja kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, hivyo wengi wenye dalili hizi hawatakutwa na saratani. Lakini kwa yule mmoja, miezi sita ya antibayotiki ndiyo inayomhamisha kutoka kundi la asilimia 80 hadi kundi la nusu.

Baba yuko hatua ya nne. Ndiyo basi?

Sio lazima, na hapa watu huchanganywa na neno "nne". Katika saratani hizi mgonjwa anaweza kuitwa hatua ya nne bila ugonjwa kusambaa mwilini. Uvimbe wa sainasi ya shavu ukigusa ngozi ya shavu au sehemu ya mbele ya tundu la jicho tu, tayari ni T4a, na wengi wa hao bado hufanyiwa upasuaji na mionzi kwa nia ya kuponya. T4b ni pale unapofika kwenye ubongo, ncha ya nyuma ya tundu la jicho au mishipa mikuu ya fahamu ya kichwa, na hapo uamuzi huwa mgumu zaidi. Kusambaa hadi mapafuni au kwenye ini ni jambo la tatu kabisa. Muulizeni daktari kwa maneno haya: "Ni hatua ya nne kwa sababu gani? Na mnatibu kwa nia ya kuponya au ya kupunguza mateso?" Ana wajibu wa kuwajibu.

Habari njema kiasi ni kwamba saratani nyingi za pua haziendi haraka kwenye tezi za shingo. Wengi wanaoshindwa hushindwa kwa sababu ugonjwa ulirudi palepale ulipokuwa, ndiyo maana madaktari huupa uzito mkubwa upasuaji wa kwanza.

Je, tiba imekuwa bora kuliko zamani?

Ndiyo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa wagonjwa waliotibiwa miaka ya 1960 na kuendelea kuishi walikuwa asilimia 28 hivi, na miaka ya 1990 wakafika asilimia 51. Baada ya hapo kumekuja upasuaji wa kamera kupitia tundu la pua, ambao kwa mgonjwa anayefaa hutoa matokeo yasiyopungua yale ya kupasua uso, na mionzi inayoweza kukwepa jicho na ubongo kwa usahihi mkubwa.

Upasuaji utaharibu uso? Jicho litatolewa?

Inategemea. Uvimbe mdogo wa ndani ya pua unaweza kutolewa wote kwa kamera bila kovu hata moja usoni. Ulioingia kwenye taya la juu huhitaji kukata sehemu ya mfupa, na kaakaa likiondolewa hubaki uwazi kati ya mdomo na pua. Uwazi huo huzibwa kwa bamba maalumu linalotengenezwa na daktari wa meno, au kwa nyama na mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili. Bila bamba hilo chakula hutokea puani na maneno hayasikiki. Hakikisheni limepangwa kabla ya siku ya upasuaji.

Jicho siku hizi huokolewa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Uvimbe ukiusukuma tu utando unaolizunguka, kwa kawaida jicho hubaki. Ukishaingia kwenye mafuta na misuli ya ndani, kuliacha jicho ni kuacha saratani.

Mionzi ni ya lazima? Tunaishi mbali na mjini.

Kwa uvimbe mdogo wa aina tulivu uliotolewa wote, wakati mwingine upasuaji unatosha. Kwa wengi, mionzi hufuata, na inatakiwa ianze ndani ya wiki sita baada ya upasuaji. Hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hadi saba.

Hapo ndipo safari za wagonjwa wetu wengi hukwama. Nauli inaisha wiki ya tatu, msiba unatokea kijijini, mgonjwa anarudi nyumbani "kupumzika kidogo". Kwa saratani za kichwa na shingo, kila siku inayoongezeka kwenye ratiba inakadiriwa kupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 hadi 1.4. Wiki mbili za mapumziko si mapumziko. Kama familia mna fedha chache, ni afadhali ziende kwenye malazi karibu na hospitali kwa muda wote huo kuliko kwenye vidonge vya lishe vinavyouzwa mtandaoni.

Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ilipata mashine za kisasa mwaka 2018, na hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutoa mionzi kwa Kanda ya Ziwa. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali nyingine za umma na binafsi. Kabla ya kusafiri pigeni simu kuuliza kama mashine inafanya kazi na foleni ni ya muda gani. Uganda ilikaa tangu 2016 hadi mwishoni mwa 2017 bila mashine ya mionzi katika hospitali ya umma baada ya ile ya zamani kuharibika, na wagonjwa walioelekezwa huko walirudi walivyokwenda.

Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi kuanza. Kung'oa baadaye, kwenye mfupa uliopigwa mionzi, kunaweza kuleta kidonda kisichopona.

Ni ugonjwa uleule wa nyuma ya pua unaosikika Kenya?

Hapana. Ule huanzia kwenye koo la juu, nyuma ya pua, unahusiana na virusi vya Epstein-Barr, huwapata hata vijana, na mara nyingi hujitokeza kwanza kama uvimbe wa shingo. Tiba yake kuu ni mionzi na kemo, upasuaji ni nadra. Msichanganye takwimu zake na hizi.

Mimi ni seremala. Nina hatari?

Ipo, ingawa kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo. Miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kuwa mafundi wa fanicha wa eneo la High Wycombe walikuwa wanapata adenokasinoma ya pua kupita kiasi, na 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Ugonjwa hujitokeza miongo kadhaa baada ya kuanza kazi. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, anayepiga randa na msasa ndani ya chumba kisicho na hewa avae barakoa nzuri, alowanishe sakafu kabla ya kufagia, na pua ikimsumbua upande mmoja amtajie daktari kazi yake. Daktari asipoambiwa, hatauliza.

Ikirudi je? Na baada ya muda gani tunaweza kupumua?

Kwa aina nyingi, ikirudi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Ndiyo maana kliniki huwa za karibu mwaka wa kwanza, kila mwezi mmoja hadi mitatu, kisha zinaachana. Mgonjwa aliyefikisha miaka miwili bila ugonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kufika mitano kuliko ile aliyotajiwa siku ya kwanza, na ana haki ya kumwomba daktari amfanyie hesabu upya. Uvimbe mdogo uliorudi unaweza kukatwa tena, na baadhi hupona kwa upasuaji huo wa pili. Anayevuta sigara aache sasa. Mionzi hufanya kazi vibaya zaidi kwa anayeendelea kuvuta.

Daktari amesema hawezi tena kuponya. Turudi nyumbani?

Mnaweza kurudi nyumbani, ila msirudi mikono mitupu. Mionzi ya siku chache inaweza kusimamisha damu na kupunguza maumivu hata pale ambapo haiponyi. Kwa maumivu makali kuna mofini ya kunywa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993, imeonyesha kuwa dawa hii inaweza kutumika majumbani, hata vijijini, kwa usalama. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, na ni nadra mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maumivu kugeuka mlevi wa dawa. Ombeni pia dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Harufu ya kidonda, ambayo huwafanya wagonjwa wajifiche hata kwa wajukuu zao, hupungua sana kwa metronidazo (dawa ya kuua bakteria) iliyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda. Muulizeni muuguzi awaonyeshe namna ya kufanya kabla hamjatoka wodini, na mwandike namba ya simu ya kitengo cha tiba shufaa (tiba ya kupunguza mateso), kwa sababu maumivu hubadilika na kipimo cha dawa kitahitaji kuongezwa.